Salamu Moja ni Sekunde Kumi na Mbili

Katandala, Sumbawanga
4 Juni 1993

Mpendwa binti yangu Edith,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mlimani, na kwamba joto la Dar es Salaam halijakuyeyusha. Sisi hatujambo. Mama yako anapepeta ulezi, anakusalimu, na anauliza kama bado unakunywa chai kavu asubuhi. Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya mwaka huu imeniingia mkono wa kulia na haitaki kutoka.

Nina jambo. Sista Coleta wa shule ya wasichana amenipa kazi ya picha za vitambulisho, wasichana mia mbili na kumi na sita. Nimewapiga wote. Negativu ni nzuri, nimezitazama dirishani moja moja. Lakini nikizichapa, zinatoka nyeusi. Arobaini za kwanza amenirudishia. Hakusema kwa ubaya. Aliuliza, "Mzee Marselino, hawa wote wamelala jikoni?" Masunga alikuwepo, yule kijana wa Kizwite anayepeleka filamu za rangi Mbeya kwa basi na kurudi na picha baada ya siku nne. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ni biashara huria. Chumba cha giza kimeshapitwa na mwanga." Tukacheka wote watatu. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao.

Sista amenipa hadi mwisho wa Septemba. Zikinishinda, kazi inakwenda kwa Masunga, na baada ya hiyo sioni nyingine itakayopiga hodi hapa. Miaka thelathini na miwili, Edith. Wewe unajua ninavyohesabu muda wa taa: Salamu Maria moja kwa picha ndogo, mbili kwa ya postikadi, tatu kwa ya ukutani. Sijawahi kuongeza wala kupunguza. Lakini huenda siku hizi mawazo yananitoka katikati ya sala nikarudia neno. Uliwahi kuniambia kuna chombo kinachowasha taa na kuizima chenyewe muda ukitimia. Nitengenezee.

Ni mimi baba yako,
Marselino


Chuo Kikuu, Dar es Salaam
22 Juni 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia salama, nami ni mzima. Mwambie Mama kwamba chai sasa naisindikiza na mhogo, ingawa si kila siku, maana sipendi kumdanganya.

Chombo nimekikabidhi kwa kondakta wa basi pamoja na barua hii. Nimekiunda mwenyewe juu ya meza ya karakana, kwa vipande vya kawaida ambavyo siku hizi vimejaa kwenye vibanda vya Kariakoo. Nilipokuwa mwanafunzi tulivikwanyua kutoka kwenye redio zilizokufa. Naomba nikueleze kinavyofanya kazi, kwa sababu sitaki ukiamini bila kukielewa.

Ndani mna kapasita, yaani kopo dogo linalotunza umeme. Ukibonyeza kitufe, kopo linajaa papo hapo. Ukikiachia, linaanza kuvuja taratibu kupitia rezista, na kinobu cha mbele ndicho kinachoamua tundu la kuvujia liwe pana au jembamba. Pembeni yake yupo bawabu, transista. Umeme ukiwa mwingi kwenye kopo, bawabu huishika relei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, na relei huishika taa ya mashine yako ya kukuzia. Umeme ukishuka chini ya kiwango chake, bawabu anaachia, relei inaachia, taa inazimika. Hakuna zaidi. Ugumu ulikuwa pale nisipoutarajia: relei inapoachia haiachii kimya kimya, hurusha teke la umeme kurudi ilikotoka. Transista mbili ziliungua kabla sijakumbuka kuweka dayodi moja ndogo ya kulipokea teke hilo.

Kuhusu alama za kinobu, nilisita. Wahandisi huandika sekunde. Lakini nikakumbuka likizo ya kidato cha pili, nilipokaa nawe chini ya taa nyekundu na saa yangu ya Kipaimara, nikakupima Salamu Maria arobaini. Hukuwahi kutoka nje ya kumi na moja na nusu na kumi na mbili na nusu. Lilikuwa jaribio langu la kwanza, na hadi leo sijapata chombo kilichonipa majibu yanayokaribiana vile. Basi nimeandika alama tatu: Salamu 1, Salamu 2, Salamu 3, yaani sekunde kumi na mbili, ishirini na nne, na thelathini na sita. Kipime kwanza kwa njia yako, ndipo ukitumie.

Binti yako,
Edith


Katandala
12 Julai 1993

Mpendwa Edith,

Amani ya Bwana iwe kwako. Mimi na mama yako tu wazima, baridi ndiyo inayotutawala. Chombo kimefika. Kornel, fundi saa na redio pale sokoni, amekiunganisha na kukisifia. Amesema kazi ya solda ni safi kama ya mtu asiye na watoto. Nimemjibu kwamba hilo nalo tunaliombea.

Lakini kinapunja. Nikikiweka Salamu 1, nikibonyeza na kuanza sala, taa inazimika nikiwa kwenye "utuombee sisi". Sijafika "sasa na saa ya kufa kwetu". Nimerudia mara sita. Sijakitumia kwa picha hata moja, maana siwezi kuuza kwa mizani ninayojua inapunja. Picha za Sista zimelala. Nifanyeje?

Baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
24 Julai 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ninashukuru kwa barua, ingawa umeanza kuwa bahili wa karatasi; mambo yote hayo yameenea nusu ukurasa.

Nimelifikiria tatizo siku tatu. Nilikipima chombo hapa, ambako hata usiku mtu hujifunika kanga tu. Huko kwenu Julai maji ya ndoo hukata vidole. Kapasita za aina hii hupungua uwezo kwenye baridi: kopo linakuwa dogo, linakwisha kuvuja mapema, taa inazimika kabla ya wakati. Pia kiwandani huziandika thamani kwa kukadiria, na moja inaweza kuwa pungufu ya ile inayotangazwa ubavuni mwake. Hilo lilipaswa kunijia kichwani kabla sijakutumia chombo. Nimeweka ndani ya bahasha hii kapasita nyingine, ya aina bora, niliyoipima mara ishirini ikiwa ndani ya jokofu la maabara. Kornel aitoe ya zamani aiweke hii, akiangalia upande wenye alama ya kutoa usikosewe.

Nakiri kwamba kuna kitu hakinikai sawa. Baridi inaweza kula sehemu ndogo ya muda. Sidhani kama inaweza kula robo nzima. Lakini sina maelezo mengine, na Septemba haitusubiri.

Binti yako,
Edith


Katandala
16 Agosti 1993

Mpendwa Edith,

Salamu nyingi. Hatujambo. Kornel ameweka kapasita yako mpya na hali imekuwa mbaya zaidi. Sasa taa inazimika kwenye "Maria Mtakatifu", nusu ya sala. Nimechoka kubishana na kopo. Nilikizungusha kinobu mwenyewe mpaka taa na Amina vikakutana, nikatia alama kwa kalamu, nikachapa picha sitini kwa siku mbili.

Zote ni nyeusi. Nyeusi kuliko zile za mwanzo. Nadhani ni karatasi. Siku hizi inaletwa na kila mtu, hujui imekaa wapi njiani. Masunga alipita, akaitazama moja kwa muda mrefu, akairudisha bila kutania. Hilo lilinisumbua kuliko utani wake.

Zimebaki wiki sita.

Baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
25 Agosti 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na uisome hadi mwisho kabla ya kuikasirikia.

Picha huwa nyeusi taa ikikaa mno. Hilo ulinifundisha wewe kabla sijajua kuzidisha. Kama chombo changu kingekuwa kinapunja kweli, basi ulipokizungusha hadi kikaenda sawa na sala yako, picha zingetoka nzuri, kama zilivyotoka miaka yote. Zimetoka nyeusi. Na arobaini za kwanza, kabla ya chombo kuwepo, zilikuwa nyeusi pia. Nimejaribu kuilaumu karatasi. Nimejaribu kuilaumu dawa ya kusafishia picha kwamba ni kali, nikaandika sababu saba, nikazikata moja moja. Zimebaki mbili. Ya kwanza ni karatasi mbovu, nayo siwezi kuikanusha nikiwa huku. Ya pili ni kwamba chombo kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na kilichobadilika ni kile nilichokitumia kukipimia.

Jana nilizipanga barua zako mezani kwa tarehe. Sikuwa nimefanya hivyo kabla. Ya Juni maandishi yako ni yale yale ya kwenye madaftari yangu ya shule. Ya Julai yamepungua. Ya Agosti nilihitaji kusogea dirishani kuyasoma, na mwisho wa kila mstari ni madogo kuliko mwanzo wake. Mimi nilikuita bahili. Unisamehe.

Ninaweza kuwa nimekosea. Nimewahi kukosea hapa hapa, juu ya baridi. Ndiyo maana siombi uniamini, naomba upime. Nenda kwa Kornel na chombo. Kirudishe kwenye alama yangu ya Salamu 1, mwambie aihesabu taa kwa saa yake. Kisha usali, naye aihesabu sala. Kama taa si sekunde kumi na mbili, nitapanda basi nije kukupigia magoti, na chombo tutakitupa. Kama ni kumi na mbili, tafadhali nenda hospitali kabla usiku haujapita.

Kosa la kwanza ni langu. Chombo hakipaswi kukaguliwa kwa kitu kile kile ambacho chombo chenyewe kimeletwa kukisaidia. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeandika hivyo, ningempunguzia alama.

Binti yako,
Edith


Dar es Salaam
15 Septemba 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Ni siku ishirini na moja sasa. Najua basi huchelewa, na najua pia kwamba wewe hujawahi kuchelewa. Mara mbili nimekwenda kituoni kumuuliza kondakta. Anasema barua aliitia mkononi mwako, ukaifungua mbele yake, ukaikunja ukaingia ndani.

Nimekumbuka lile teke la relei. Labda niliachia vibaya, bila kuweka kitu cha kulipokea. Kama nimekuvunjia heshima, niambie hivyo. Kama hutaki kuniandikia, mwambie Mama aandike mstari mmoja tu.

Binti yako,
Edith


Katandala
19 Septemba 1993

Edith,

Salamu. Sitakuuliza hali, nitakwambia ya kwangu.

Barua yako niliiweka kwenye boksi la karatasi za picha, pale pasipopaswa kuingia mwanga, ikakaa siku kumi na nane. Sikuwa na hasira. Nilikuwa namsubiri mtu mwingine aisome badala yangu.

Jumatano nilikwenda kwa Kornel. Alifunga nusu ya mlango. Tukaiwasha taa mara tatu. Kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili na kidogo. Akasema, "Chombo ni kizima, Mzee." Nikamwambia sasa ipime sala. Akaona aibu, kama vile nimemwambia anitazame nikioga. Akasema, "Sali tu, Mzee, mimi sikusikilizi, natazama saa."

Nilisali kama ninavyosali siku zote. Nakuapia, Edith, sikusikia tofauti yoyote. Nilipomaliza, Kornel aliisogeza saa yake sikioni. Nikamuuliza, akasema labda hakuanza sawasawa, turudie. Tukarudia. Akasema, "Umemaliza?" nami nilikuwa nimebakiza Amina. Ya kwanza ilikuwa kumi na tisa. Ya pili ishirini na moja. Kisha akapachika kile kioo chake jichoni, akavuta saa ya mtu mwingine, akaanza kuifungua, na ile saa ilikuwa nzima.

Mkono niliujua. Unatetemeka tangu tulipopanda ulezi mwaka jana, nikauita baridi hata jua likiwa kali. Mkono niliujua. Sala sikuijua.

Wiki imebaki moja na siku nne. Hospitali nitakwenda, lakini kwanza Sista.

Baba yako,
Marselino


Dar es Salaam
27 Septemba 1993

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye korido, na wanafunzi wakanipita wakidhani nasoma matokeo.

Ningefurahi sana kama ingekuwa ni karatasi. Hata sasa nakumbusha nafsi yangu kwamba vipimo viwili ni vichache, kwamba mtu akijua anapimwa hubadilika, kwamba Kornel ni fundi saa na si daktari. Naomba uende hospitali kabla sijafika. Si kwa sababu nina hakika. Ni kwa sababu sina.

Nimepewa likizo. Nitapanda basi tarehe 20 Oktoba, nitakuja na kibandiko kipya cha kinobu, chenye sekunde. Zile alama niliziandika kwa sauti yako ya wakati ule, na sikuwa na haki ya kuifanya kipimo cha milele.

Binti yako,
Edith


Katandala
11 Oktoba 1993

Mpendwa binti yetu Edith,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ni maneno yangu kwa mkono wa mama yako, kwa kuwa maandishi yangu sasa yanafaa kusomwa na sisimizi. Yeye ni mzima. Mimi ni kama nitakavyokueleza.

Picha zimekwisha. Nilikirudisha kinobu kwenye Salamu 1, pale pale ulipopachora, nikaamua kutokubishana nacho. Katika picha ya kwanza alitoka msichana mwenye kovu juu ya nyusi, na kovu lilionekana. Nikaichukua hadi dirishani nikakaa nayo. Karatasi ilikuwa ile ile niliyoitukana. Mkono ukinisumbua kwenye koleo la kushikia karatasi, mama yako alinishikia sinia. Tarehe 29 Septemba nilimpelekea Sista Coleta zote mia mbili na kumi na sita. Amekataa mbili tu, kwa sababu wenyewe walifumba macho. Masunga alizibeba hadi shuleni kwa baiskeli yake, na njia nzima alikuwa akiniambia kwamba kwa rangi zingependeza zaidi.

Hospitali nimekwenda. Daktari alinifanya nitembee ukumbini, nifungue na kufumba vidole, niandike jina langu mara tano. Kisha akanionyesha kwamba la tano lilikuwa nusu ya la kwanza. Amesema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, humfanya mtu awe polepole bila yeye kujiona. Hauponi, lakini zipo dawa za kuupunguza kasi, nami nikacheka, maana kasi ndiyo hasa sina. Dawa zitatoka Mbeya. Masunga ndiye atakayezileta kwa njia yake ya filamu.

(Hapa mimi mama yako nasema langu, yeye akitaka asitake. Mimi nilijua tangu Kwaresima. Tunaposali rozari mimi hufika Amina nikakaa namsubiri. Nilidhani ameanza kusali kwa moyo zaidi, nikamwonea wivu. Ninyi wawili mlikuwa na mashine, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Njoo na sweta.)

Umemsikia. Tumekwisha kugombana juu ya hilo, na ameshinda.

Kibandiko cha sekunde usikilete. Alama ziache zilivyo. Nilipokuwa na nguvu zangu Salamu moja ilikuwa sekunde kumi na mbili, na ni vizuri pawe na kitu hapa nyumbani kinachokumbuka hivyo.

Kazi naendelea nayo polepole. Nabonyeza kitufe, naanza sala. Taa inazimika mimi bado niko kwa "Mama wa Mungu". Siku za kwanza nilinyamaza hapo hapo, kama mtu aliyekatizwa kanisani. Sasa sinyamazi. Naichukua karatasi, naizamisha kwenye dawa, natikisa sinia, na mkono huu siku hizi hutikisa bila kuagizwa. Sala naimalizia chini ya taa nyekundu, neno moja baada ya jingine, huku uso wa mtoto wa watu ukianza kuja juu ya maji: kwanza nywele, kisha macho. Mara nyingi macho yake na Amina yangu hufika pamoja.

Ni sisi wazazi wako,
Marselino na Josefina